Kutafuta Vina katika Mwandiko Usiosomeka

Mwandiko ambao hakuna awezaye kuusoma huulizwa kwanza, na karibu kila mtu, unasema nini. Lakini lipo swali jingine linaloweza kujibiwa mapema zaidi, nalo ni kama maneno hayo yasiyojulikana yamefungwa kwa mizani na vina au yameandikwa kwa nathari, yaani kwa mtiririko wa kawaida wa masimulizi, barua na hesabu. Ushairi ni lugha iliyokubali kanuni, na kanuni huacha alama zinazoweza kuhesabiwa hata na mtu asiyejua maana ya neno moja. Mazungumzo haya yanazichunguza alama hizo, zipi za kuaminiwa na zipi za kutiliwa shaka, na uwanja wa uchunguzi ni mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, iliyotenganishwa na Barabara ya Ngong, ambako ndani ya mwendo wa asubuhi moja mtu hupita karibu na madrasa zenye hati za Kiarabu, nyimbo za Kinubi ambazo kwa sehemu kubwa huhifadhiwa vichwani mwa waimbaji, mistari ya rap ya Sheng, na madaftari ya vyama ambayo mpangilio wake unaweza kumhadaa mchunguzi hodari.

Yafaa kwanza kueleza kwamba miandiko haishindi kusomeka kwa namna moja. Ipo ile ambayo herufi zake hazijulikani wala lugha yake haijulikani. Ipo ile ambayo herufi zake zinatamkika ilhali lugha yenyewe imebaki fumbo. Na ipo ya tatu, ambayo herufi zinajulikana na lugha inajulikana, ila hati iliyotumika ni finyu kuliko sauti za lugha hiyo, hivi kwamba neno moja lililoandikwa laweza kusomwa kwa njia tatu au nne. Kundi hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na sehemu kubwa ya miandiko hiyo iliyobaki, iwe katika nyumba za Lamu na Mombasa, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au katika hifadhi za London na Hamburg, ni mashairi.

Utenzi, ambao pwani ya kaskazini huitwa utendi, ndio kielelezo bora cha kuanzia. Utenzi hugawanywa katika beti. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani minane, na mizani maana yake ni idadi ya silabi zinazotamkika. Vipande vitatu vya kwanza huishia kwa kina kimoja, ambacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, ilhali kipande cha nne huishia kwa kina kisichobadilika tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho wake, na hicho huitwa bahari au kina cha bahari. Waandishi wa zamani walikuwa na desturi ya kuuandika ubeti mzima katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, wakitenga vipande kwa alama ndogo, mara nyingi za wino wa rangi nyingine. Matokeo yake ni kwamba ukingo wa kushoto wa ukurasa hubeba herufi ileile, mstari baada ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, una zaidi ya beti 1,100. Mtu asiyejua alifu wala be, akiwekewa nakala ya namna hiyo mezani, angeona kabla ya saa moja kwisha kwamba kurasa zimegawanyika katika nguzo nne za upana unaokaribiana na kwamba nguzo ya mwisho ina mkia mmoja usiokatika. Angekuwa ameugundua ushairi bila kujua kama unahusu vita, ndoa au kifo.

Jicho, hata hivyo, hudanganyika kwa urahisi, na hati ya Kiarabu ina njia zake za kulidanganya. Herufi zake 28 hazikuwa na alama ya sauti kadhaa za Kiswahili, hivyo waandishi wengi waliiandika p kwa herufi ya b, wakatumia alama moja ya irabu kwa i na e, na nyingine moja kwa u na o. Vina viwili ambavyo sikio linavitenganisha, kama vile -pe na -bi, huonekana ukurasani kuwa kitu kimoja. Mwalimu Sikujua wa Mombasa na Mwingereza William Taylor, waliofanya kazi pamoja mwishoni mwa karne ya 19 kuzikusanya tungo za Muyaka bin Haji na wengineo, walikutana na tatizo hilo kila siku, na karne moja baadaye Sheikh Yahya Ali Omar alikuwa bado anapendekeza alama za kuongezwa ili hati itoshe. Kuna pia hadaa ya desturi ya vitabu: neno la kwanza la ukurasa unaofuata huandikwa chini ya ukurasa uliotangulia ili karatasi zisichanganyike, na mchunguzi asiyeijua desturi hiyo angeona neno likirudiwa kwa utaratibu thabiti kabisa, akatangaza amepata kiitikio, kumbe amepata kazi ya mjalidi.

Hadaa kubwa zaidi haimo katika hati bali katika sarufi, na hapa Kiswahili ni shahidi mzuri kuliko lugha nyingi. Mtu anaposema kwamba viti vile viwili vizuri vimevunjika, ametamka maneno matano yanayoanza kwa silabi moja, na hakukusudia ushairi hata kidogo. Upatanisho wa ngeli ndio uliomlazimisha. Vilevile, karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, kwa hiyo katika ukurasa wowote wa gazeti miisho ya a na i itafuatana mara nyingi bila ya mtu kuipanga. Ndiyo maana washairi hawakuridhika na irabu peke yake, wakadai silabi nzima ilingane. Mchunguzi wa mwandiko usiojulikana hana budi kujiuliza kwanza lugha inatoa nini bure, kwani kinachotolewa bure na sarufi hakiwezi kuwa ushahidi wa ufundi.

Mfano wa somo hilo unapatikana kaskazini, katika Sudan ya kale. Ufalme wa Meroe, uliositawi kando ya Mto Nile tangu karne ya tatu kabla ya Kristo hadi karne ya nne baada yake, uliacha mamia ya maandishi kwa alfabeti yake wenyewe yenye alama 23 na nukta za kutenga maneno. Mwingereza Francis Llewellyn Griffith alifaulu kuzitambua sauti za alama hizo kati ya miaka 1909 na 1911, lakini lugha yenyewe bado haieleweki isipokuwa kwa maneno na miundo michache, ijapokuwa kazi ya Mfaransa Claude Rilly imeonyesha kwa nguvu kwamba ina undugu na lugha za Kinubi za Mto Nile na jamaa zake. Mawe ya makaburi ya Meroe huanza kwa kuwaita Isisi na Osirisi, hutaja jina la marehemu, kisha mama yake na baba yake, na humalizia kwa dua za maji na mikate. Katika sehemu ya wazazi, vifungu huishia tena na tena kwa sauti -lowi, na anayesikia kwa mara ya kwanza angedhani amesikia kina. Wataalamu wanakiona kiambishi hicho kuwa kazi ya sarufi, aina ya kitenzi cha kuwa kinachofungia kauli, sawa na ngeli inavyofanya katika viti vilivyovunjika. Makaburi hayo yana fomula, yaani maneno ya kudumu yanayojazwa majina tofauti, na fomula ni jirani wa ushairi asiyekuwa ndugu yake.

Kwa kuwa Kibera ilianzishwa na askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles na familia zao mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa kuwa wazao wao huitwa Wanubi, husikika mara kwa mara hoja kwamba lugha yao ni mabaki ya lugha ya mafarao weusi wa Nile. Hoja hiyo inavutia lakini haishiki. Kinubi cha Kibera, ambacho Mjerumani Bernd Heine alikichapishia maelezo ya sarufi mwaka 1982, ni krioli ya Kiarabu, yaani lugha kamili iliyozaliwa kutokana na Kiarabu kilichorahisishwa katika kambi za askari waliotoka makabila mengi ya kusini mwa Sudan na majirani zake, na ikawa lugha ya mama kwa watoto wa kambi hizo. Msamiati wake mwingi ni wa Kiarabu, lakini imeziacha sauti nzito za koo na kuutupa urefu wa irabu, na badala yake mkazo wa sauti ndio unaotenga maneno. Hati miliki ya ekari 288 waliyokabidhiwa Wanubi wa Kenya mwaka 2017 ilihusu ardhi. Lugha yao haikuwa na hati ya namna hiyo wakati wowote, na imeishi zaidi katika ndimi za watu wa Makina, Lindi na Kambi Muru kuliko katika vitabu.

Jambo hili lina uzito katika suala la ushairi. Ikiwa mwanafunzi wa madrasa ya Makina angeandika wimbo wa doluka, yaani ngoma ya Wanubi inayoimbwa hasa na wanawake katika arusi, angetumia hati ya Kiarabu ambayo ina herufi mbili za s, mbili za t na mbili za h, ilhali kinywa chake kina sauti moja moja tu. Angeandika vipi neno lenye s? Huenda angefuata asili ya neno kama alivyofundishwa katika Kurani, huenda angefuata kinywa chake, na pengine angefanya hivi leo na vile kesho. Vina vinavyolingana kabisa masikioni vingeonekana karatasini kuwa herufi tofauti, na mchunguzi wa baadaye asiyejua Kinubi angesema hakuna kina hapo. Hati ya Kiarabu, iliyounganisha visivyolingana katika miandiko ya Kiswahili, hapa ingetenganisha vinavyolingana. Aidha, wimbo wa kuitikiana ukiandikwa na mtu anayeujua kwa moyo, kiitikio huandikwa mara moja na baadaye huachwa, kwa sababu mwandishi hana haja ya kukumbushwa. Alama iliyo wazi kuliko zote, yaani marudio, ndiyo inayokuwa ya kwanza kupotea.

Kinyume chake hutokea Kawangware. Katika vyumba vya Gatina na vya eneo linaloitwa Congo, wanawake na wanaume hukutana kila wiki katika vyama vya kuchangiana, na katibu wa chama huweka daftari ambalo majina ya wanachama yameorodheshwa upande mmoja, tarehe juu, na mbele ya kila jina kiasi cha fedha, ambacho kwa kawaida ni kilekile kwa wote. Kila mkutano majina hurudiwa kwa mpangilio uleule, kwa sababu mpangilio huo ndio zamu ya kupokea. Anayekosa kulipa huwekewa kistari au alama ya faini, na ukurasa unaofuata huanza upya. Lau daftari hilo lingezikwa na kufukuliwa na watu wasiojua Kiswahili wala tarakimu, lingewaonyesha mistari ya urefu mmoja, mwisho unaojirudia bila kukatika, beti zenye idadi sawa ya mistari, na mwanzo wa mistari unaorudi kwa utaratibu kama dua. Lingekuwa na kila kitu ambacho utenzi unacho, isipokuwa utenzi wenyewe.

Kosa hili si la kubuniwa. Rongorongo, maandishi yaliyochongwa kwenye mbao katika kisiwa cha Rapa Nui katikati ya Bahari ya Pasifiki, hayajasomwa hadi leo, na kwa kuwa wenyeji walisimulia kwamba mbao hizo ziliimbwa, kila marudio ndani yake yalikuwa tayari kuitwa wimbo. Ubao unaojulikana kwa jina la Mamari una safu ya alama za mwezi mwandamo zinazorudi kwa vipindi. Mjerumani Thomas Barthel, katika kitabu chake cha mwaka 1958, alionyesha kwamba sehemu hiyo ni kalenda ya usiku wa mwezi. Ubao mwingine mdogo ulioko Santiago, nchini Chile, ulitambuliwa na Warusi Butinov na Knorozov mwaka 1956 kuwa yamkini unabeba orodha ya nasaba, kwa sababu alama moja hurudi kati ya alama mbili zinazopokezana, kama mtu anayetajwa, kisha baba yake, kisha baba wa baba yake. Kalenda na nasaba zaweza kuimbwa, bila shaka, na kuimbwa hakuzifanyi kuwa na mizani.

Tofauti kati ya daftari la chama na ukurasa wa utenzi inaweza kuelezwa hivi: katika orodha, mwisho wa mistari ni neno lilelile, ilhali katika ushairi wenye vina mwisho wa mistari ni maneno mbalimbali yanayofanana kwa kipande chao cha mwisho tu. Maneno ya mwisho katika utenzi yana vichwa tofauti na mkia mmoja, na maneno hayohayo yanapatikana pia katikati ya mistari mingine, mahali ambapo hakuna aliyeyashurutisha kulingana. Tarakimu ya mchango haitoki nje ya safu yake. Kwa hiyo mchunguzi asiishie kuhesabu miisho inayofanana. Ahesabu ni maneno mangapi tofauti yamekubali kufanana, na kisha atafute maneno hayo yanafanya nini yakiwa mbali na ukingo.

Kipimo hicho kikipelekwa kwenye mwandiko mashuhuri kuliko yote usiosomeka, matokeo yanafundisha. Kitabu cha Voynich, kilichopewa jina la muuzaji wa vitabu Wilfrid Voynich aliyekinunua Italia mwaka 1912, sasa kinahifadhiwa katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa nambari MS 408. Ngozi iliyoandikiwa imepimwa kwa kaboni na kuonekana ni ya kati ya mwaka 1404 na 1438. Kurasa zake, zinazokaribia 240, zimejaa michoro ya mimea isiyotambulika, duara za nyota na wanawake walio uchi ndani ya mabirika ya maji, na sehemu yake ya mwisho ina aya fupifupi, kila moja ikiwa na nyota pembeni. Prescott Currier, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa kuvunja siri za mawasiliano ya kijeshi, alieleza mwaka 1976 kwamba mstari katika kitabu hicho unaonekana kuwa kizio chenye kanuni zake: baadhi ya alama hupendelea mwanzo wa mstari na nyingine hukusanyika mwishoni. Katika nathari ya kawaida mstari hauna maana yoyote, kwani huishia pale karatasi inapoishia. Uchunguzi wa Currier kwa hiyo ni ushahidi wa aina ileile ambao ukingo wa kushoto wa utenzi hutoa, na si ajabu kwamba wapo waliowaza mashairi.

Lakini alama inayojikusanya mwishoni mwa mstari ina maelezo mengine rahisi zaidi. Waandishi wa Ulaya wa zama zile, walipobanwa na ukingo, walifupisha maneno kwa mkia wa wino, na mkia huo ungejikusanya mwishoni mwa mistari bila ya kuwa kina. Tena maneno ya kitabu hicho yana tabia ya ajabu: urefu wake hautofautiani sana, na neno hufuatwa mara kwa mara na neno linalofanana nalo kwa kila kitu isipokuwa alama moja. Masikio yaliyozoea ushairi husikia humo takriri na vina vya ndani. Masikio yaliyozoea hila husikia mtu anayebuni maneno kwa kuyanakili ya jana na kuyabadilisha kidogo. Takwimu za marudio peke yake haziwezi kuamua kesi hiyo, na anayedai kwamba zimeamua amekwenda mbali kuliko ushahidi wake.

Ipo alama moja yenye nguvu zaidi, ambayo wanaushairi wa Kiswahili waliipa majina zamani bila kufikiria miandiko isiyosomeka. Mshairi anapobanwa na mizani hulifupisha neno, na hiyo ni inkisari. Au hulirefusha, na hayo ni mazida. Au huuvuruga mpangilio wa maneno katika sentensi, jambo linaloitwa kuboronga sarufi, na jina hilo si la kumdharau. Kipande kama "mekuja niwaambie", kilichotungwa hapa kwa ajili ya mfano, kina mizani minane kamili. Lau mtunzi angeandika "nimekuja" kama asemavyo sokoni, kingekuwa na mizani tisa na ubeti ungechechemea. Katika kipande kingine chenye nafasi ya kutosha mtunzi yuleyule atarudi kuandika "nimekuja". Hali kadhalika "afya" yenye silabi mbili huwa "afiya" yenye silabi tatu, na "wewe" huwa "we", kulingana na nafasi. Mambo haya huacha alama ambayo orodha haiwezi kuwa nayo, kwa sababu katibu wa chama hana sababu ya kulifupisha jina la mwanachama ukurasa huu na kulirefusha ukurasa ujao ili jumla ya silabi ibaki palepale.

Basi mchunguzi wa mwandiko usiojulikana anapaswa kutafuta maneno yanayojitokeza kwa sura mbili, ndefu na fupi, zinazotofautiana kwa alama moja au mbili, na kisha kuuliza ni nini kinachochagua sura. Ikiwa sura fupi hupatikana pale ambapo sehemu nyingine za mstari ni ndefu, na sura ndefu pale ambapo sehemu nyingine ni fupi, kiasi kwamba jumla inabaki ileile, basi kuna mkono unaohesabu. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihitaji vina, na kwa hiyo kinaweza kuugundua ushairi wa Homeri, ambao hauna vina lakini una maneno yenye sura kadhaa zilizohifadhiwa kwa sababu ya mizani. Kwa kitabu cha Voynich, maneno ya sura mbili ni mengi mno, pengine kuliko yanayohitajika, lakini ili kipimo kifanye kazi lazima sura zipokezane kwa kufidiana ndani ya mstari. Hoja ya ushairi katika kitabu hicho haiwezi kusimama kabla ya ufidianaji huo kuonyeshwa.

Upo ushairi ambao hata kipimo hiki hakiufikii. Mabamba ya udongo ya Ugarit, katika Siria ya leo, yalianza kufukuliwa mwaka 1929, hati yake ikafumbuliwa mwaka 1930, na mara ikafahamika kwamba hadithi za mungu Baali zilizomo ni tungo za kishairi. Kilichowaonyesha wataalamu hakikuwa vina wala hesabu kamili ya silabi, bali ulinganifu wa mawazo, yaani wazo kusemwa mara mbili kwa maneno tofauti, utaratibu ambao Askofu Robert Lowth alikuwa ameueleza mwaka 1753 kuhusu mashairi ya Kiebrania. Ulinganifu wa namna hiyo hukaa ndani ya maana, na mwandiko ukiwa umefungwa, nao umefungwa ndani yake.

Na upo ushairi wa Kibera na Kawangware wenyewe. Kijana anayetunga rap karibu na kituo cha matatu za namba 46 huandika katika simu au katika daftari la shule, aghalabu bila kukata mistari, kwa sababu anayekata mistari ni mdundo na si karatasi. Msanii Octopizzo, aliyekulia Kibera, ameitangaza namba ya matatu ya mtaa wake, Namba Nane, kuwa bendera ya mtaa mzima. Mfukuaji wa kesho akiikuta tarakimu hiyo ukutani na katikati ya mistari angeihesabu pamoja na za daftari la chama. Sheng yenyewe huchota maneno kutoka Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu, Kiluo, Kiluhya na kwingineko, kwa hiyo mizizi ya maneno haina umbo moja. Tahajia yake haijakubaliana, na neno moja laweza kuandikwa kwa njia nne katika ukurasa mmoja bila ya sababu ya kimizani. Hapo kipimo cha inkisari kinapofuka: sura mbili za neno zipo, lakini kinachochagua sura ni haraka ya kidole.

Mizani ya rap pia si ya silabi. Mdundo hugawanywa katika mapigo manne, na msanii yuko huru kupenyeza silabi nyingi au chache kati ya pigo na pigo, hata kunyamaza, mradi silabi anayotaka kuikazia ianguke juu ya pigo. Mistari miwili inayolingana masikioni yaweza kuwa na silabi 9 na 17. Mwanafunzi aliyefundwa kwa utenzi, akipewa ukurasa huo katika hati asiyoijua, angehesabu, asipate nane, asipate hata nambari yoyote inayorudi, akauweka pamoja na barua.

Kinachobaki ni umbali. Katika nathari, miisho inayofanana hutawanyika kwa bahati, mingine ikiwa karibu na mingine mbali, kwa uwiano unaoweza kukadiriwa ikiwa inajulikana kila mwisho hutokea mara ngapi katika mwandiko mzima. Katika rap miisho hiyo huja kwa makundi: kina kimoja hurudi mara nne au sita ndani ya maneno machache, kisha hutupwa na kingine hushika zamu, na cha kwanza hakirudi tena labda hadi mwisho wa wimbo. Mpangilio huo wa kujaa na kukauka unaweza kupimwa bila kujua mstari unakatwa wapi, na bila kuhesabu silabi. Tahajia mbovu huufifisha lakini haiufuti, kwa kuwa hata anayeandika neno kwa njia nne huwa habadilishi sana mkia wake. Kwa mwandiko wa Voynich, ambao maneno yake yanayofanana tayari hukaa kwa makundi, kipimo hiki kingetoa jibu la ndiyo kwa haraka mno, na ingebidi kipimwe upya kwa maneno ya mwisho wa aya peke yake, ambayo hayatoshi kwa hesabu ya kuridhisha. Kwa ukurasa wa rap kutoka Kawangware, ulioandikwa bila nukta wala mkato, kingetosha.